Mwanamke wa Mlangoni

Kwenye filamu, mlangoni palikuwa na mwanamke ambaye Remei hakumkumbuka. Akapangusa kioo cha kukuzia, akatazama tena. Bwana Bofarull alipopiga filamu ile ya mtoto aliyeibwa, Remei alikuwepo mwenyewe, maana mtoto wa kitandani ni Quimet, mwanawe mchanga, na chumbani hamkuwa na mwanamke mwingine.

"Hortènsia, huyu nani?" alimnong'oneza mwenzake.

"Mpake rangi tu, shoga. Bofarull huokota watu sokoni. Labda muuza samaki!"

Wanawake wa karakana ile ya Barcelona walipaka filamu kwa brashi, kipicha kimoja kimoja. Remei akapaka, huku akijiuliza: kwa nini Bofarull alimtaka Quimet tu, wakati watoto wanono wamejaa mtaani? Na kila kipicha mwanamke alikuwa amesogea, wala hatua hazionekani, na harufu ya udongo mbichi ikapanda mezani, na yule mwanamke akainama, akanyoosha mikono juu ya Quimet, na Remei akashika mkasi, akakata kuanzia pale hadi mwisho wa tukio, akakimbia uani, akakitupa kipande kile motoni.

Moshi ukamleta Bofarull mbio.

"Umefanya nini, binti?"

"Nyumba ile tuliyopigia filamu uliijua, Bwana! Ulijua kuna nini!"

Hakukana. Vyumba vya bandia vya maturubai yaliyochorwa hakuvitaka kabisa. Uhalifu aliupigia filamu palepale ulipotokea, kamera imetulia, bila kukata.

"Mwanamke yule alinyang'anywa mwanawe mle, naye mwenyewe akafa," alisema kwa sauti ya chini. "Huja, humwangalia mtoto, huondoka. Mwisho wa tukio alitoka mlangoni, nilimwona kwenye filamu."

"Basi chapisha nakala nyingine!"

"Kwenye nakala nyingine zote mlango ni mtupu. Alikuwa kwenye hii tu. Na wewe umechoma pale alipomwacha mtoto akatoka."

Remei hakungoja. Alikimbia na aproni yake ya rangi, akapanda ngazi za nyumbani akihema.

Mama mkwe alikuwa akisugua nyanya kwenye mkate. Kisu kikamponyoka.

"We Remei! Umetokea wapi? Si uko chumbani unamnyonyesha?"

"Nani yuko naye, mama? Nani?"

Nyuma ya mlango Quimet alisikika akinyonya, polepole, kama mtoto aliyeshiba anayesinzia. Remei akausukuma mlango. Ukarudishwa kutoka ndani, taratibu, kama afanyavyo mama anayeogopa kumwamsha mwanawe.