Dawa ya Junie Ni Spendy

Kila Jumamosi Emmett na mdogo wake Junie walimsindikiza mama yao dukani. Emmett ndiye aliyesukuma kigari cha vitu, na kazi aliyojipa mwenyewe ilikuwa kusoma bei kwa sauti.

"Parachichi? Spendy! Jibini? Mama, hiyo spendy mno, tutauza nyumba!"

Katika mji wao mdogo, mashariki mwa Oregon, ndivyo watu walivyosema kitu kikiwa ghali. Hawakulisema neno hilo kwa uchungu. Ulikuwa utani tu wa kupunguza makali ya bei. Babu alilisema kwenye kituo cha mafuta, mwalimu alilisema darasani, na Emmett, mwenye miaka kumi na miwili, alikuwa bingwa wao wote.

Jumamosi hiyo walipitia duka la dawa kuchukua dawa ya kuvuta ya Junie, aliyekuwa na miaka saba na mwenye pumu. Emmett alichungulia risiti akapiga mluzi.

"Lo! Junie, kifua chako ni spendy kuliko viatu vyetu sote!"

Mama alicheka kichovu. Junie hakucheka. Aliikumbatia dawa yake mpaka nyumbani.

Siku chache baadaye misitu ya milimani ilishika moto. Moshi ulishuka mjini, jua likawa jekundu kama kaa, na shule ikafungwa. Mama, aliyefanya kazi ya kuoka mikate, ilimbidi aende kazini.

"Madirisha yasifunguliwe," alimwagiza Emmett. "Na Junie akikohoa, avute dawa. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Mama."

Mchana Junie alianza kukohoa.

"Umevuta dawa?" Emmett aliuliza bila kuinua macho kutoka kwenye mchezo wake.

"Ndiyo."

Kikohozi hakikukoma. Kisha kilikoma ghafla, na ukimya huo ndio uliomshtua Emmett. Aligeuka. Junie alikuwa ameketi sakafuni, mabega yakipanda na kushuka, ngozi ya shingo ikibonyea kila alipovuta hewa. Midomo yake ilikuwa imepoteza rangi.

"Junie! Dawa iko wapi?"

Msichana alionyesha chini ya kitanda. Emmett alijitupa, akaivuta kutoka ndani ya soksi. Haikuwa imefunguliwa.

"Umeniambia umevuta! Kwa nini umenidanganya?"

"Ni... spendy," Junie alisema, neno moja kwa kila pumzi. "Naitunza... Mama asi... asiuze nyumba."

Emmett alimkalisha wima, akamshikia dawa mdomoni kama alivyomwona Mama akifanya. "Vuta. Taratibu. Tena." Alisubiri. Kifua cha Junie kiliendelea kulia filimbi.

Alichukua simu ili aite gari la wagonjwa, lakini kidole kikaganda. Mwaka uliopita gari hilo lilimchukua Babu, na nyumba nzima ilizungumzia bei yake kwa miezi. Neno lile lile, spendy, lilimjia kichwani. Je, akiita, halafu Junie apone mwenyewe?

Alimtazama dada yake. Kichwa cha Junie kilianza kuinama.

Emmett akapiga simu.

"Dada yangu hapumui vizuri!" alipaza sauti. "Ana pumu! Njooni upesi!"

Mwanamke wa upande wa pili alimtuliza, akamwelekeza afungue mlango na aendelee kumpa dawa. Emmett alimshika Junie mkono, akimsihi asifumbe macho, mpaka ving'ora viliposikika mtaani na wahudumu wakaingia na hewa ya mtungi.

Mama aliwakuta hospitalini, aproni yake bado ina unga. Junie alikuwa amelala, midomo imerudi rangi yake. Daktari alisema angekwenda nyumbani kesho yake.

Emmett hakusubiri kuulizwa. "Ni mimi, Mama. Nilimtania kuhusu dawa, akaificha. Na leo sikumwangalia, nilikuwa nacheza. Halafu nimeita gari. Najua ni..." Alishindwa kulitamka neno lile.

Mama alimvuta karibu. "Gari hilo tutalilipa kidogo kidogo. Kama ungeogopa bei ukaacha kuliita, sasa hivi tungekuwa tunamlilia Junie."

Junie alifumbua macho. Mama aliinama ili wote wawili wamsikie.

"Sikilizeni. Viatu tunaweza kuviacha dukani. Jibini tunaweza kuliacha. Pumzi hatuachi. Kutafuta fedha ya dawa ni kazi yangu mimi, na kazi yako, Junie, ni kuivuta na kusema ukweli ukiumwa. Na wewe, Emmett, utani ni mzuri, lakini kabla hujautoa tazama aliyesimama karibu. Mtoto mdogo hajui kutenganisha mzaha na ukweli."

"Nimeelewa, Mama," Emmett alisema.

Junie alivuta pumzi, ndefu na safi, akamuuliza kaka yake kama kuna chochote cha kula.