Mguu wa Kushoto wa Katunge

Katunge wa kule Kabati, jirani wa shangazi yangu, hakuwa mtu wa kulialia. Alikuwa fundi wa nguo, wa cherehani ya kukanyaga, hadi lori lilipomgonga na Daktari Mbaluka akamkata mguu wa kushoto. Miaka kumi na moja baadaye alitaka kitu kimoja tu: fomu yake ya msaada wa walemavu ipite. Ofisini walimwambia faili lake limepotea, kwa hivyo daktari aliyemkata ndiye aweke sahihi, tena fomu irudi kufikia Ijumaa, la sivyo jina linafutwa.

Daktari alikuwa ameshastaafu, akarudi kwao Mbooni. Basi Alhamisi asubuhi Katunge akafunga safari. Boda ikamteremsha bondeni, akapanda kile kilima kwa magongo mawili, akilaani serikali, lori, na yeyote aliyeona mlima akajenga juu yake.

Kuna jambo hakuwahi kulisema ofisini. Ule mguu ulikuwa bado unauma. Manesi walimwambia wengi huhisi hivyo. Lakini wake uliuma kwa saa zake, asubuhi na jioni, kama mtu anaukanyaga akitoka na akirudi. Kwao, kiungo kilichokatwa huletwa nyumbani kikazikwa, na gunia halifunguliwi kamwe, maana kuchungulia ni kujiitia kifo. Kaka yake Musyimi alipewa gunia hospitalini, akalizika nyuma ya nyumba bila kuangalia. Mambo yakaishia hapo.

Alifika saa sita, jua liko utosini. Nyumba ilikuwa ya mawe, imezungukwa na miparachichi. Mzee alikuwa amekaa mlangoni akimenya chungwa.

"Karibu, mama. Umetoka mbali?"

"Kabati, Daktari. Nimekuja unisaidie na sahihi."

Akampa fomu. Mzee akasoma jina, na chungwa likamtoka mkononi.

Katunge akaweka gongo juu ya kizingiti apumzike. Aai! Maumivu yakampanda mpaka kiunoni. Akaliinua, yakaisha. Akaligusisha tena, polepole, ncha tu. Aliihisi ile ncha katikati ya unyayo. Ule unyayo wa kushoto, ambao hakuwa nao.

"Daktari," akanong'ona, "umezika nini hapa?"

Mzee alitazama njia. Hakukuwa na mtu.

"Mguu wako ungepona," akasema kwa sauti ya chini. "Lakini mguu wa mtu anayekanyaga mchana kutwa hauchoki. Ukiwa chini ya mlango wako, wagonjwa hawakatiki. Kliniki yangu ya hapa nyumbani ilijaa miaka yote hadi nilipoifunga."

"Na gunia?"

"Mguu wa ndama. Nilijua hamtafungua."

Jamani, hasira ilimpanda Katunge hadi macho yakaingia giza. Miaka kumi na moja anaomba unga kwa majirani, cherehani imefunikwa shuka! Mzee naye alikuwa ameshachomoa panga nyuma ya mlango. Pigo la kwanza likakata gongo vipande viwili. Katunge akaanguka nyasini. La pili likachukua ncha ya sikio. La tatu lilikuwa la shingo, na alilijua. Akapiga teke.

Alipiga kwa kushoto.

Simenti ya kizingiti ikapasuka.

Ulitoka umejaa udongo mwekundu, nyama bado mbichi, vidole viwili vya mwisho vimeshikana kama alivyozaliwa navyo. Ukampiga mzee gotini. Goti likavunjika. Ukampiga mbavuni. Panga likaruka. Ukampiga mdomoni, meno yakamwagika. Kila teke Katunge alilihisi kwenye nyonga yake. Teke. Teke. Teke. Mdundo ule ule wa cherehani.

"Uzuie!" mzee alikoroma, damu inabubujika. "Ni wako!"

Katunge akatambaa hadi alipo, akamwekea kalamu mkononi.

"Sahihi kwanza."

Akatia sahihi.

"Sasa uzuie, mama. Nakuomba."

Katunge akaikunja fomu, akaitia kifuani. Kuzuia alijua. Ni kama fundi anavyoacha kukanyaga, basi. Hakuacha.

Watu wa Mbooni walisema mzee alianguka ngazi. Ngazi gani, na nyumba haina ghorofa? Lakini hakuna aliyetaka kuuliza sana.

Ijumaa fomu ikapokelewa. Jumatano iliyofuata afisa, binti anaitwa Kavindu, akaja Kabati kumwona kwa macho kabla ya kupitisha. Katunge, ambaye huishi peke yake, alikuwa amefagia uwanja alfajiri, akaenda kwa magongo, moja jipya, kufungua lango, akarudi kukaa mlangoni. Moyo ulikuwa mweupe. Leo ndiyo leo.

Kavindu alisalimia vizuri. Kisha akatazama chini.

"Mama, wewe unatembea?"

"Kwa magongo, mwanangu."

Kavindu akatoa simu, akapiga picha uwanja. Akapiga mstari mrefu juu ya jina la Katunge. Akaondoka haraka, chai hata hakuigusa.

Katunge akainuka aone ni nini. Pale kwenye mchanga uliofagiwa kulikuwa na alama za magongo na nyayo zake za kulia. Na kati ya kulia na kulia, kila hatua ya kurudi, kulikuwa na unyayo wa kushoto, peku, wenye udongo mwekundu, vidole viwili vimeshikana. Ulikuwa umetembea naye kutoka langoni. Uliingia mlangoni.

Nyayo zake za kutoka hazikuwepo.