Kaburi la Kwenye Kaseti

Kwanza ilikuwa harufu. Dativa alimwogesha mwanawe asubuhi, akamsugua mpaka kwenye mikunjo ya shingo, akampaka mafuta, na alipoinamisha pua utosini akakuta harufu ya udongo uliochimbwa sasa hivi. Akamwogesha tena. Alipomfuta masikio, kitambaa kikatoka na mchanga mweusi, ule wa mashamba ya mpunga ya Michenga, na Obed alikuwa na miezi minane, hata kutambaa hajui vizuri, mchanga huo kaupata wapi hapa mtaani Viwanja Sitini kwenye sakafu ya sementi?

Hakumwambia mumewe. Kelestini kichwani alikuwa na filamu tu.

Ifakara nzima ilimjua Kelestini kwa filamu zake, na ilimjua kwa kucheka. Vijana walipocheza gemu za televisheni kwenye banda la video, yeye alikaa nyuma na daftari, kisha akachukua kamera yake ya kupigia picha za harusi akazigeuza filamu. Ya kwanza ilikuwa ya mtu anayeruka mamba. Mamba wenyewe walikuwa magogo yenye macho ya visoda, na watu walicheka mpaka benchi likavunjika. Ya pili, ya mbio za magari, ilichezwa kwa baiskeli. Tangu hapo akipita sokoni wanamwita, "Dairekta, mamba wako kala nini leo?" Anacheka nao. Akifika nyumbani hali chakula.

Ya tatu ilitoka kwenye gemu ya mtoto anayekufa na kufufuka. Akamwomba mkewe awape Obed.

"Nusu saa tu, Mama Obed. Hii hawataicheka."

Walichimba kaburi dogo la kweli pembeni mwa shamba huko Michenga, wakamvika Obed sanda wakamlaza humo, wakaita akina mama wa kulia. Lakini akina mama wale hawakujua kulia kwa uongo. Walimtaja mtoto kwa jina lake, Obed wa Dativa, mbona umetuacha, wakamrushia udongo kidogo kidogo juu ya sanda. Mara ya kwanza Obed alicheka. Mara ya pili akalia. Kelestini akasema imetosha, nenda ukawapikie watu, mtoto watambembeleza hawa. Dativa aliporudi na sufuria, Obed alikuwa amelala fofofo mikononi mwa baba yake.

Na sasa mchanga huu masikioni.

Saa sita mchana siku hiyohiyo, jua limesimama, akaja mwanamke mrefu mwenye kitenge kilicholowa chapachapa, na mvua ilikuwa haijanyesha wiki mbili. Hakupiga hodi.

"Poleni na msiba."

"Msiba gani, dada? Hapa hakuna msiba."

"Niliwasikia mkilia." Alikuwa anamtazama Obed. "Nyie si mmeshamaliza naye? Mimi nimekuja kuchukua."

Dativa akageuka kumvuta mtoto, na aliporudisha macho mlangoni hapakuwa na mtu, kizingiti kikavu, hata alama ya mguu hakuna. Kesho yake saa ileile kilio cha akina mama kikasikika uani, akatoka mbio akakuta kuku tu, akarudi ndani na kilio kikamfuata, kikaingia naye chumbani, na Obed pale kitandani alikuwa amenyooka, mikono ubavuni, hanyonyi, halii, macho wazi yakiangalia dari kama anayesubiri kuitwa, na midomoni, kwenye ulimi wake mdogo, mchanga.

Hapo akamwambia mumewe yote, wakampeleka kwa Bibi Febronia, mganga wa njia ya Michenga. Walimkuta akianika mpunga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mlazeni hapo." Akamnusa mtoto. Hakuuliza anaumwa nini. "Nani kamlilia huyu?"

Kelestini akaeleza, sauti chini kabisa. Bibi aliendelea kuutandaza mpunga kwa kiganja.

"Jini la huko bondeni huokota kilichotupwa. Ninyi mmemtupa mtoto kwa jina lake, mbele ya mashahidi. Mlimzika mara ngapi?"

Kelestini akautazama mpunga. "Mbili."

"Una hakika?"

"Mbili, bibi. Mke wangu alikuwepo, muulize."

"Mbili," alisema Dativa, maana ndizo alizoziona.

"Basi atatolewa mara mbili, mama yake akimwita. Na picha zote za kumzika zifutwe. Ikibaki moja, amebaki humo."

Jioni hiyo Dativa aliingia kaburini kwa miguu yake, akamwita mwanawe, akamtoa, akina mama wakapiga vigelegele. Akamrudisha, akamwita tena. Mara ya pili Obed akapiga kelele, akatafuta ziwa, akanyonya kwa pupa mpaka Dativa akalia. Nyumbani Kelestini akafuta picha mbili kwenye kaseti, mkewe akiangalia. Siku tatu zikapita bila harufu.

Jumamosi mchana filamu ikaonyeshwa. Dativa alisimama nyuma kabisa ndani ya banda, Obed mgongoni, Kelestini ubavuni. Watu walikuja wamejiandaa kucheka, wengine walikwishaanza. Kisha kwenye kioo likatokea kaburi, na ndani ya kaburi Obed, macho yamefumbwa, kifua kimetulia. Amelala fofofo. Banda lote likanyamaza.

Mara ya kwanza Obed alicheka. Mara ya pili alilia. Hakuna mara aliyomwona humo amelala.

"Baba Obed," alinong'ona. "Mlimzika mara ngapi?"

Kelestini hakumgeukia. Alikuwa anatazama nyuso za watu, machozi yanamtoka. "Ile ya tatu ilitoka nzuri mno, nisamehe. Tazama, Mama Obed. Hakuna anayecheka."

"Zima. Zima hiyo video, nakuomba, zima," na akawa anapenya kati ya mabenchi, magoti ya watu, vichwa, mtu akisema kaa chini we mama, huku kwenye kioo akina mama wakirusha udongo, na nyuma yao akatokea mmoja aliye mrefu kuliko wote, kitenge kimelowa, ambaye siku ile shambani hakuwepo, akawapita, akainama kaburini, akanyoosha mikono, akanyanyua.

Na mgongoni mwa Dativa uzito ukaondoka.

Mkono wake ulikuwa umefika kwenye swichi. Kitenge cha kumbebea kilikuwa bado kimefungwa vizuri, fundo lipo kifuani. Alipolifungua, ulimwagika mchanga mweusi, wenye maji, mpaka miguuni kwa watu wa benchi la mbele.