Apolinaria Abebe

Waya ulikuwa umekatika, umelala chini kwenye majani, lakini telegrafu ililia.

Justus, karani wa simu katika kituo kidogo cha reli mbele ya Usoke, aliacha kumenya muhogo. Tik, tik. Kimya. Nje adhuhuri ilikuwa nyeupe. Chumbani ikaingia harufu ya pembe iliyoungua.

"Silasi, umeshaunga waya?"

Fundi wa nguzo alichungulia dirishani, udongo mpaka magotini. "Niunge na nini, meno? Bado uko chini, bwana mkubwa."

Ulikuwa mwaka wa kuhamia vijiji vya ujamaa. Watu walihamishwa na nguzo zikahamishwa, zikafuata njia ya zamani ya misafara ya pembe za ndovu. Shimo la Silasi lilitoa mifupa ya wapagazi. Silasi alitaka aitwe padri kwanza, Justus akamhimiza asimike nguzo, treni hazingoji.

"Mizimu haijui telegrafu," Justus alicheka. Hata hivyo alitundika rozari ukutani, akatoa stoo mashine ya zamani, ile inayochora kila mlio kwa wino kwenye utepe wa karatasi. Masikio yake hakuyaamini tena. Alitaka kuona nukta na mistari kwa macho.

Kesho yake, waya ukiwa bado chini, mashine ikalia. Utepe ukatambaa mezani, Justus akausoma herufi kwa herufi, harufu ile ikimjaa kooni: APOLINARIA ABEBE.

Jina la mkewe, kisha amri: abebe. Na kidole chake, kwa mazoea ya kazi, kabla moyo haujakizuia, kikabonyeza jibu: nimepokea.

"Umefanya nini?" Silasi alinong'ona. "Umeitika?"

"Kituo kikiitwa kinajibu. Ndiyo kazi."

"Ukiitwa na usiyemwona unanyamaza mpaka aite tena! Jini haliiti mara mbili, Justus, hata mtoto anajua! Msafarani aliyeanguka aliachwa, mzigo akatwishwa mwingine. Sasa umemtwisha nani?"

Justus aliujua mwiko huo. Mama yake alimfundisha, shule ya misheni ikamfundisha kuuonea aibu.

Alikimbia akifuata reli, viatu vikimtoka, akimwomba Mungu amwadhibu yeye na si mwingine, na alipofika uani akamkuta Apolinaria amesimama, ngata kichwani, juu ya ngata hakuna kitu, na shingo yake imedidimia mabegani.

"Nitue, baba Getruda," alisema polepole. "Nimechoka."

Justus akanyoosha mikono juu ya ngata, akagusa kitu kirefu, laini, cha baridi, akakiinua kwa nguvu zake zote huku akisali Salamu Maria, nacho hakikusogea.

Padri alikuja na maji ya baraka, mganga akaja na ubani. Hakuna aliyeutua mzigo ule. Siku ya maziko wanaume wanne walishindwa kuinua jeneza la mwanamke yule mwembamba. Wakaja wanane, nao wakayumba.

Justus aling'oa nyaya zote, akaifungia mashine sandukuni. Akamwonya Getruda, binti yao wa pekee: "Usimwitikie mtu usiyemwona. Isipokuwa mimi."

Adhuhuri moja, Getruda akichota maji kisimani nyuma ya kituo, sanduku likalia. G. E. T. Justus akaikalia mikono yake miwili, akauma meno, machozi yakimchuruzika, mpaka jina likaisha na kukawa kimya. Hakujibu. Akashusha pumzi, akamshukuru Mungu.

Kule kisimani sauti ya binti yake ikaitika, nyepesi, ya utii:

"Abee, baba!"