Chanuo Kabla ya Maji

Chubwi!

Dobi aliinua pasi na kutega sikio. Kimya.

Chubwi! Chubwi!

Sauti ilitoka uani, kwenye karai la kusuuzia. Nani anasuuza? Mke wake alikuwa mbele, akipokea nguo za wateja. Dobi akatoka mbio. Kandambili moja ilimfuata, nyingine ikabaki mlangoni.

Uani alikuta shuka tatu nyeupe zimeshushwa kutoka kwenye kamba. Zote zimo ndani ya karai. Kando ya karai alisimama Sufu, mbwa wao mwenye nywele za mawimbi, mkia ukipepea kwa furaha. Mdomoni alibana foronya. Akamletea dobi, akaiweka miguuni pake, kama anayesubiri ahsante.

"Wanga!" mke aliita nyuma yake. Mtaa mzima ulimwita dobi Wanga, kwa sababu mashati aliyoyatia wanga yaliweza kusimama bila mwenyewe. "Hizo ni shuka za hoteli?"

"Zilikuwa."

"Usinichekeshe, nina hasira! Mara ya tatu wiki hii. Mbwa ananuka, anajikuna, anatufanyisha kazi mara mbili. Mwisho wa mwezi akiwa hivi hivi, umtafutie kwingine."

Wanga alinywea. Sufu aliachwa kwao na nahodha mstaafu, mteja wao wa miaka mingi, aliyehamia ghorofani kwa binti yake. "Mlete kwangu," Wanga alimwambia nahodha, "maji anayoyapenda hayakosekani." Tangu hapo Sufu alilala chini ya meza ya kupigia pasi, kichwa juu ya mguu wa Wanga. Kulikosa joto lile? Hapana.

"Tatizo ni usafi tu," alisema. "Nitamwosha."

"Si umemwosha jana? Na juzi?"

"Leo nitamloweka hasa."

Wanga alimwosha Sufu kama alivyoosha kila kitu: kuloweka, kusugua kwa sabuni ya nguo, kusuuza, kisha kumwacha akauke kwa upepo. Lakini kila alipomwosha, nywele zilizidi kusokotana. Nyuma ya masikio zilikuwa mabonge magumu kama magome ya mti. Siku ile, alipogusa sikio la kushoto, Sufu alilia, akaruka nje ya karai na kujibanza ukutani.

Sabuni ilimponyoka Wanga mkononi. Mbwa huyu hakuwahi kuyakimbia maji. Leo alimkimbia yeye.

Kesho yake alimpeleka kwa daktari wa mifugo, mwanamke kijana mwenye mikono mipole na mdomo usio na breki.

"Makubwa!" daktari alisema akimpapasa Sufu. "Aina hii huitwa mbwa wa maji. Ni wachache mno. Sijawahi kumtibu hata mmoja. Na huyu mmempika?"

"Nimemwosha, Daktari."

"Wewe kazi yako nini?"

"Dobi."

"Haya, dobi. Sweta ya sufu ukiisugua sugua ndani ya maji ya moto, inakuwaje?"

"Inajikunja. Inagandamana. Ndiyo basi tena."

"Na huyu amevaa sweta asiyoivua. Nywele zake hazipukutiki kama za mbwa wengine. Zinabaki mwilini na kusokotana. Ukimtia maji kabla ya kumchana, vifundo vinakaza."

Wanga alijipiga paji la uso. Miaka ishirini ya udobi alikuwa akianza kwa kuloweka!

"Kwa hiyo chanuo kwanza?"

"Chanuo kwanza, mpaka kwenye ngozi, mara mbili au tatu kwa wiki. Halafu maji. Sabuni iwe ya mbwa, na isitumike kila siku. Kisha mkaushe kwa taulo mpaka ngozini. Masikio yake yameinama, maji yakibaki humo yanaleta ugonjwa. Kila akitoka majini, futa sehemu unayoiona kwa kitambaa kikavu. Usiingize kijiti! Hili la kushoto limeshaumwa, nitakupa dawa."

"Na shuka anazozishusha?"

Daktari alicheka. "Mababu zake walifundishwa kuleta vitu kutoka majini. Ana akili, na akili isiyo na kazi hujitafutia kazi. Mpe ya kwake. Na msimpigie kelele, ana moyo laini."

Mabonge yale hayakuchanika. Daktari akayanyoa. Sufu alirudi nyumbani amekonda nusu.

"Mbuzi wa nani huyu?" mke aliuliza.

"Mpe muda, mke wangu."

Wanga akajifunza upya. Kila jioni ya kuchana alikaa kwenye kigoda, akachana taratibu, akianzia nchani. Alitia dawa sikioni mpaka siku aliyoambiwa. Sikio lilipopona, kila asubuhi alimpeleka Sufu bwawani, akamrushia kijiti, akamfuta masikio akitoka. Harufu ikaisha. Kujikuna kukaisha. Nywele zikaanza kuota upya, laini, zenye mawimbi.

Ikafika siku ya mwisho wa mwezi. Wanga alipiga pasi kola moja mara nne. Mke alikuwa hajatoa uamuzi.

Chubwi!

Akakimbilia uani, safari hii bila kandambili kabisa.

Shuka zote zilikuwa kwenye kamba. Mke alikaa kando ya rundo la soksi chafu. Sufu alichukua soksi moja, akaipeleka kwenye karai la maji matupu, akaidondosha, chubwi, akarudi kuchukua nyingine.

"Umemfundisha lini?" Wanga aliuliza.

"Wewe ukiwa umelala mchana. Sogea, unatuvuruga kazini."

Mke akamvuta Sufu karibu, akamfuta kidevu kwa khanga yake, akamtazama machoni.

"Sikiliza, fundi wangu," alimwambia. "Huendi popote, nakuahidi. Na huyu bwana akikuloweka tena kabla ya kukuchana, nakuahidi na hili: nitamloweka yeye."