Kopo Alilotuma Masunga

"Generoza! Toka uone ulichomfanyia mwanangu!"

"Milembe, mimi ndiye niliyempaka?"

"Uliyemletea ni wewe! Nyamizi wangu hana sura!"

"Mzigo haukuwa wangu. Aliyeutuma ni huyo anayetaka kuwa mkweo. Mgombeze yeye!"

Waligombana kila mmoja upande wake wa ua wa minyaa, na nusu ya mtaa ilishaacha vyungu jikoni. Ugomvi wa majirani haulazwi kiporo.

Ndani, Nyamizi alijibanza nyuma ya mlango, kioo mkononi. Mashavu yalibambuka kama gome la mpera. Kope zilivimba. Na macho, hayo ndiyo yaliyomkausha mate, yalikuwa mekundu pyu. Siku nne alipaka ile krimu asubuhi na jioni, kisha kutwa akachuma pamba juani. Nani angemwambia kwamba krimu ile na jua la Julai havipatani?

Bariadi ya miaka ile, mwanamke mwenye macho mekundu hakuulizwa anaumwa nini. Aliulizwa amemroga nani. Bibi Kabula, aliyezeekea kwenye moshi wa kuni, alichomewa nyumba kwa macho hayohayo.

Barua aliyoileta Generoza kutoka mjini pamoja na kopo, Nyamizi alishaikariri:

"Nyamizi wangu, ngozi yako imekauka sana. Paka hii kila siku. Jumamosi nakuja na shangazi akuone. Masunga."

Kumbe ananionea aibu mbele ya ndugu zake, alijisemea siku ile. Masunga alikuwa karani wa mizani kwenye kampuni mojawapo ya watu binafsi, tangu serikali iwafungulie mlango wa kununua pamba. Mlango huohuo ulipitisha na makopo ya kung'arisha ngozi. Mnadani yalipangwa kama nyanya, na wasichana wa mjini waling'aa kama masufuria mapya. Nyamizi akaona asipopaka ataachwa.

Mama yake akaingia akihema.

"Wanakuja! Nimewaona na baiskeli yao. Ingia ghalani, nitasema umekwenda Binza."

"Na nikirudi, mama? Watauliza nilifuata dawa gani huko kwa waganga."

"Mayu, mwanangu, nakuomba. Huyo mwanamke akiyaona macho yako, ndoa imekufa. Na ikifa ndoa peke yake, tushukuru."

Nyamizi akaingia, akajikunyata kati ya magunia ya pamba.

"Mwadila, mayu!" Sauti ya Masunga hiyo, ikimsalimu mama.

"Mwadila, karibuni. Nyamizi... amekwenda Binza."

"Binza? Leo?"

Ikafuata sauti ya mwanamke, kavu kama kuni. Shangazi Felisita.

"Masunga, geuza baiskeli. Msichana anayejificha ana lake."

Nyamizi alisikia tairi likikwaruza mchanga. Akibaki, anampoteza Masunga sasa hivi. Akitoka, huenda akapoteza zaidi. Akapitia kopo ndani, akatoka mpaka uani.

Mtu mmoja nyuma ya minyaa akafanya ishara ya msalaba. Felisita alirudi nyuma hatua mbili, kanga ameikamata kifuani.

"Macho gani hayo?"

"Ni hii, shangazi." Aliinua kopo. "Masunga alinitumia. Nilipaka ili unione mweupe. Kama simtoshi nilivyo, angeniambia kwa mdomo wake."

"Nani, mimi?" Masunga aliachia baiskeli ikaanguka. "Kopo hilo sijawahi kuliona! Niliagiza gliserini! Mikono yako ilipasuka kwa pamba, hata ukishika chumvi unalia. Nani alikwambia nataka mweupe?"

Vichwa vyote vikageukia ua.

"Gliserini iliisha dukani," Generoza alisema, sauti imekuwa ya kifaranga. "Nikaona hiyo ndiyo wasichana wanayogombania. Nilijua nawafurahisha."

"Na ulipomwona uso umevimba, mbona ulinyamaza?"

"Niliogopa, Masunga. Kwani wewe ungesema?"

Felisita hakumjali. Alimsogelea Nyamizi taratibu, kama mtu anayemkaribia ng'ombe asiyemjua, akamshika kidevu.

"Yanauma?"

"Yanauma, shangazi."

"Shangazi," Masunga akadakia, "hata yakibaki hivi, mimi namuoa."

"Nyamaza, sijakuuliza!" Akawageukia watu. "Na nyie mnakodoa nini? Mmeona mchawi, au mmeona msichana aliyeungua? Kasimulieni mnadani: mkwe wa Felisita kaunguzwa na krimu. Generoza, kwa mdomo huo ulionao, anza wewe. Nataka mpaka Nyalikungu wajue kabla jua halijazama."

"Umesema mkwe?" Milembe aliuliza, hajaamini masikio yake.

Felisita alibaki amesimama nje, na hofu ikamrudia Nyamizi upya. Shangazi aliyemkataa binti haonji chakula cha kwao, hilo kila aliyekuwa pale alilijua.

"Nasikia harufu ya mboga ya nsansa iliyoungwa karanga," Felisita akasema. "Nani kapika?"

"Mimi, shangazi."

"Kwa macho hayo?"

"Kwa macho haya."

"Masunga, inua baiskeli. Tukimaliza unampeleka hospitali." Akavua viatu mlangoni, akamtazama Nyamizi, akangoja.

Nyamizi alifuta machozi kwa mgongo wa mkono uliopasuka.

"Karibu ndani, shangazi. Karibu ule."