DRONI YETU HAIKUPIGA HODI

"Hamdani, umeniulia mke!"

Ndizeye amenikaba koo ndani ya boti, rimoti bado mkononi mwangu. Kwenye kioo chake mtumbwi umepinduka... vichwa vinaelea kama vibuyu!

Nihukumuni, lakini malizeni kusoma kwanza.

Mimi ni fundi simu sokoni Mwanga, mtani wa kila mtu. Ndizeye, mkimbizi wa Burundi, alinizidi ufundi. Mwaka ule, 2015, watu wa kwao walikimbia machafuko, wakivuka ziwa kuja kwetu kwa mitumbwi mibovu. Mkewe Gloriose na mwanawe mdogo Gélase walikuwa bado kule. Tukaapa kuunda droni ya kutafuta wanaozama.

Miezi mitano! Fremu ya antena ya TV, panga nne za feni, kamera ya simu iliyopasuka. Ya kwanza ilitumbukia ziwani. Ya pili iliungua. Ya tatu tukaijaribia ufukweni Kibirizi... ikashuka juu ya dagaa wa Bi Mwanakombo! Dagaa wakapeperuka kama makapi, mwenyewe kalala kifudifudi mchangani.

"Wana laana nyie! Nimedhani bomu! Hata mgeni mwenye njaa anapiga hodi!"

"Shikamoo bibi! Sasa hii ina mdomo?"

"Ipeni mdomo!"

Nilicheka mbavu zikauma. Ndizeye hakucheka.

"Kwetu kitu kikivuma juu, watu wanakimbia. Tuifungie spika."

"Itakuwa nzito, bwana. Baadaye."

Baadaye... neno baya hilo.

Alhamisi, saa nne asubuhi, simu ya Ndizeye ikalia. Gloriose! Injini imezima, maji yanaingia, hajui walipo. Leodgar, mwenye boti, akatutoa mbio. Nikarusha droni. Dakika kumi... hao! Watu ishirini wanachota maji kwa masufuria.

"Tumewaona! Baki hapo juu," Ndizeye akasema. "Leodgar, kata kulia!"

"Ngoja shemeji atupungie mkono," nikatania. Nikaishusha.

Wakasikia mvumo. Wakatazama juu. Kisha wote... WOTE wakajitupa upande mmoja!

Ndipo Ndizeye aliponikaba.

Tulipofika tukaopoa kumi na saba. Na Gloriose alikuwa hai! Ndizeye akamkumbatia, halafu akachungulia nyuma yake.

"Gélase yuko wapi?"

Mikono ya Gloriose ilikuwa imekunjwa, kama bado imebeba.

Siku arobaini hawakunisemesha. Ya arobaini na moja, Gloriose akaja kibandani kwangu.

"Shemeji, mimi ndiye niliyepiga kelele 'laleni!' Nilidhani ni wale wale waliotufukuza kwetu."

Nikamsogezea kiti.

"Ndizeye kanisimulia ile spika mliyoizungumzia... unayo?"

Nikaitoa kwenye droo. Jamani, ilikuwa na uzito wa kiberiti. Kiberiti!

Akaisogelea simu yangu, akarekodi kwa Kirundi: "Amahoro! Ntimutinye!" Amani, msiogope. Alirudia mara tatu, maana mara mbili sauti ilikatika.

Sasa droni ikiruka, sauti ya mama Gélase inatangulia.

Wewe unayeunda jicho la kutazama watu, liambie kwanza lijitambulishe. Hodi ina uzito wa kiberiti. Ile nisiyoipiga, naibeba mpaka leo.